Tyson tunampa sifa zaidi ya alichofanya ulingoni

Hapa Mtwara ukimtaja Mike Tyson kijiweni hata bei ya korosho inasahaulika. Na hoja inaishia palepale, kwamba hajawahi kutokea bondia kama yule, na ukipinga unaambiwa ngumi huzijui. Mimi napinga, na ngumi nazipenda sana.

Haki yake nampa kwanza. Tarehe 22 Novemba 1986 pale Las Vegas kijana wa miaka 20 anamchapa Trevor Berbick raundi ya pili, anakuwa bingwa mdogo kuliko wote wa uzito wa juu, mpaka leo hajatokea wa kumpita. Berbick anaanguka, anainuka, miguu inamkataa, anaanguka tena, na ngumi ni ile ile moja. 1987 anamshinda Tony Tucker kwa pointi anakusanya mikanda mitatu, 1988 Michael Spinks ambaye alikuwa hajawahi kupigwa anamalizwa kwa sekunde 91. Huyo Tyson sina neno naye. Wengi wanaona nguvu tu, ila angalia kichwa kinavyocheza kushoto kulia, mikono mashavuni, anapita chini ya ngumi ya mtu mrefu alafu anapiga mbavu na kidevu kwa mpigo, yani yale ni mafunzo ya mzee Cus D'Amato, aliyemlea tangu utotoni akafariki 1985 bila kuuona ule mkanda.

Sasa nitajieni pambano moja ambalo Tyson aliangushwa, akainuka, akashinda. Halipo. Tokyo, Februari 1990, yeye ndo alimwangusha Buster Douglas raundi ya nane, Douglas akainuka, na huyo Douglas alikuwa ametoka kumzika mama yake wiki chache tu nyuma, alafu raundi ya kumi Tyson ndo yuko chini anapapasa kutafuta kinga ya meno. Holyfield 1996 alimwangusha, akamaliza kazi raundi ya 11. Lennox Lewis 2002 raundi ya nane. Kila aliyesimama bila kumwogopa raundi tano sita za kwanza alikuta mtu mwingine kabisa.

Wajomba zangu wanasema alishuka sababu alimpoteza kocha wake Kevin Rooney. Hakumpoteza, alimfukuza! Na mzee D'Amato alikuwa na bingwa mwingine kabla yake, Floyd Patterson, kwa mtindo uleule wa mikono mashavuni. 1959 Patterson aliangushwa mara saba raundi moja na Ingemar Johansson akanyang'anywa mkanda, mwaka uliofuata akarudi akamlaza Johansson raundi ya tano, wa kwanza kabisa kurudisha ubingwa wa uzito wa juu. Mwalimu mmoja, mtindo mmoja, lakini Patterson hakuna anayemtaja kijiweni, na hilo linaniuma.

Alafu kuna hili tunalolirukaruka. Tunasema "jela ilimharibia", utadhani alipigwa radi. 1992 mahakama ya Indianapolis ilimkuta na hatia ya kumbaka binti wa miaka 18, yeye amekana siku zote, akatoka 1995. Miaka ile mitatu tunaihesabu kama hasara ya Tyson, yule binti hatumtaji kabisa. Nina mabinti nyumbani, siwezi kukaa nacheka pale hilo likipitishwa kama habari ya majeruhi ya goti.

Kwangu mimi Tyson yuko nyuma ya Ali na Joe Louis, hapo sidhani kama kuna ubishi, na yuko nyuma ya Holyfield na Lewis. Na nyuma ya Larry Holmes pia, hapa ndo watu wanapandisha sauti, sababu Tyson alimpiga Holmes raundi ya nne Januari 1988. Sawa, alimpiga, ila Holmes wa siku ile alikuwa na miaka 38 na alikuwa karibu miaka miwili hajapanda ulingoni. Mtafuteni Holmes wa 1979 anapopigwa na Earnie Shavers raundi ya saba, ngumi ya kulia ya kumlaza ng'ombe, anaanguka chali kabisa, anainuka, na raundi ya 11 refa anasimamisha pambano kumwokoa Shavers.