Nilivyokaa na waheshimiwa hadi wakakubali kulipa madeni

Kila mwezi wa tano wawakilishi wadi wetu huuliza swali moja: pesa za wadi ziko wapi? Na kila mwaka sisi wa hazina ya kaunti tulikuwa na jibu lilelile: mfuko umebana, sehemu kubwa ya matumizi ni ya lazima kisheria. Mwaka 2024 jibu hilo liligonga mwamba. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti, wanamokaa wawakilishi hao, ilirudisha makadirio yetu, na mwenyekiti akasema waziwazi kwamba safari hii hawatapiga muhuri tu. Waziri wetu wa fedha akanikabidhi faili. Mimi ni afisa wa bajeti. Kaunti yangu sitaitaja, maana bado nakula ugali wake.

Niwatetee waheshimiwa kidogo. Mwakilishi wadi huamshwa alfajiri na watu mlangoni: huyu anataka karo, yule jeneza, mwingine barabara imekatika. Hawezi kuwaambia fedha zimeishia kwenye makato ya mishahara. Kwenye uchaguzi wa 2027 watampima kwa kalvati na darasa la chekechea.

Na mwaka huo hayo ya lazima yalikuwa yamenenepa. Ada ya nyumba za bei nafuu, iliyokwama mahakamani Januari, ilirudi Machi kwa sheria mpya, kwa hiyo kaunti kama mwajiri ikatakiwa kutoa asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi, juu ya ile anayokatwa mwenyewe. Kwa wale wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kiwango cha juu cha mchango wa mwajiri kilipanda Februari kutoka shilingi 1,080 hadi 2,160 kwa mwezi. Wahudumu wa afya ya jamii, waliozinduliwa Septemba 2023, walipangiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kwetu. Madaktari nao walikuwa wamesitisha Mei 8 mgomo wao wa siku 56, wakidai malimbikizo yao. Mengi ya haya yaliamuliwa Nairobi, bili ikaletwa kwetu.

Kuna na mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo. Kanuni za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato, na bunge la kaunti likibadilisha makadirio, lisiongeze wala kupunguza fungu lolote kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake. Hiyo asilimia 1 ndiyo wenzangu walipenda kuitumia kama rungu. Mimi sikuiamini. Ukimwambia mtu aliyepigiwa kura kwamba sheria imemfunga mikono, ataukalia mswada wa bajeti mpaka Juni 30, mwisho wa mwaka wa fedha, ipite, na mishahara ya Julai ndiyo itakayokwama.

Nilianza nyumbani kwetu. Nilipitia makadirio mstari kwa mstari nikiuliza kila idara: hili mnaloliita la lazima, limelazimishwa na kifungu gani? Mishahara na makato yalikuwa na sheria zake. Hukumu za mahakama zilikuwa na namba za kesi. Halafu zikaanza lazima za kubandika: safari za mafunzo, kukodi kumbi, kukarimu wageni, hata matairi ya gari ambalo lilikuwa limelala kwenye mawe nyuma ya ofisi za kilimo. Mkurugenzi mmoja alinijibu kwamba fungu lake ni la lazima kwa kuwa huwekwa kila mwaka.

Nikachora jedwali la safu mbili. Kushoto niliweka kila kiasi chenye sheria, mkataba au hukumu, na karatasi yake nikaitaja kando. Kisichokuwa na karatasi kikahamia kulia. Safu ya kulia ilipovimba, wakuu wa idara walinijia juu. Mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa na hazina au na bunge. Waziri alinikingia kifua, kwa sharti kwamba gavana aione kwanza. Gavana aliisoma, akauliza maswali kuhusu magari, akasema iende.

Kipande kigumu kilikuwa madeni ya watu walioifanyia kaunti kazi au kuiuzia vitu bila kulipwa. Waheshimiwa walitaka kuyapunguza ili fedha zihamie wadi, kwa sababu kwenye makadirio yalikuwa fungu moja kubwa lisilo na sura, na wengi waliamini ni ya matajiri wa Nairobi. Tungeweza kuwakumbusha kwamba Mdhibiti wa Bajeti huuliza mpango wa kulipa madeni kabla ya kuidhinisha fedha zitoke, lakini hilo wanalijua. Niliwaomba wahasibu waipange upya orodha ya wanaodai, kwa wadi badala ya idara. Ilikuwa kazi ya kuchosha, maana hati nyingi zilitaja mradi bila kusema uko wapi, ikabidi tuwapigie simu machifu na walimu. Ilipokamilika, wadi baada ya wadi, tuliwaona wanaodai: fundi aliyejenga choo cha chekechea, mwenye duka la vyuma, kikundi cha akina mama walioleta chakula kwenye semina, kijana aliyekodisha trekta.

Kikao rasmi kilipangwa kufanyika Mombasa, kama ilivyo desturi. (Sijawahi kuelewa kwa nini bajeti ya visima lazima ijadiliwe mbele ya bahari. Hilo nalo lilikuwa safu ya kulia.) Niliomba nikutane nao kwanza kwa makundi madogo, kwenye chumba cha kamati, bila waandishi wa habari. Mwanasiasa akiwa mbele ya kamera lazima aonekane anapigana.

Mama mmoja, mwakilishi wa wadi ya mbali, alivaa miwani akateremsha kidole kwenye safu ya kushoto bila neno. Akahamia kulia, akasimama kwenye mstari wa kukarimu wageni.

"Kijana, hii chai nayo imeandikwa kwenye Katiba?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ndiyo maana iko upande huu."

"Na mwaka jana ilikuwa upande gani?"

"Mwaka jana hakukuwa na upande."

Walicheka wote, na ubaridi ukapungua. Kisha akafungua ukurasa wa madeni wa wadi yake, akasoma majina kwa sauti ya chini. Kwenye moja akavua miwani. "Huyu ni jirani yangu. Siku hizi ananipita bila salamu, nikadhani ni siasa."

Tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini tulipe madeni. Waliuliza nani alipwe kwanza, na hilo ni swali linalojadilika. Tukaafikiana kuanza na madeni ya zamani na madogo yaliyokwisha kuhakikiwa. Ubishi wote ukahamia safu ya kulia. Sheria inataka kila ongezeko lifidiwe na punguzo mahali pengine, kwa hiyo kila aliyetaka greda wadini alilazimika kutaja anachokikata. Safari zetu zilipungua sana, magari mapya yakaondoka. Wao pia sikuwaachia. Kanuni zinazuia matumizi ya bunge yasipite asilimia 7 ya mapato ya kaunti au mara mbili ya mishahara ya bunge hilo, lolote lililo dogo. Walikuwa wameomba nyongeza ya safari za kamati. Nikaiweka pale pale, jirani na chai ya gavana. Hakuna aliyeinua mkono kuitetea.

Mswada ulipita kabla ya Juni 30. Siku hizohizo Nairobi kulikuwa kunawaka kwa maandamano ya kupinga kodi mpya. Juni 26 Rais Ruto alitangaza kwamba hatatia saini Mswada wa Fedha, na mgao wa kaunti zote 47, ambao tulikuwa tumeupangia kwa shilingi bilioni 400.1, ukaingia katika mvutano wa Bunge la Taifa na Seneti. Uliishia bilioni 387.4. Tukarudi bungeni na bajeti ya ziada. Miaka ya nyuma hiyo ingekuwa vita vipya. Safari hii tulikata kulia, tukaiacha kushoto ilivyo, na tukamaliza kabla ya chakula cha mchana. Wadi zilipoteza kitu, na sisi tulipoteza zaidi.

Kimebaki kitu kimoja: basari, yaani msaada wa karo kwa wanafunzi. Kwa waheshimiwa ni ya lazima kuliko mshahara wangu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za upili na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Mwanzoni mwa 2025 Mdhibiti wa Bajeti alitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali hiyo kabla ya kutoa basari, na suala likafika mahakamani. Kwenye jedwali langu nimeiweka kulia. Mwenyekiti wa kamati ameshanionya kwamba kikao kijacho atakuja na wakili.