Mpunga wangu ulipogeuka kitunguu

Mwaka ule nilichelewa kupanda mpunga bondeni Cheju, hapa Unguja, harusi ya mdogo wangu ilinila mwezi mzima. Mpunga ulipofika magotini nikaona baadhi ya machipukizi hayatoi jani. Yanatoa mrija mweupe wa kung'ara, mtupu ndani, kitunguu kitupu!

Jirani yangu wa jaruba la juu, mtu mzima wa kuheshimiwa, akaniambia, "Mbolea hiyo, mwanangu." Nikamwaga urea. Mpunga ukachipua kwelikweli, na machipukizi mapya nayo yakawa vitunguu zaidi ya mwanzo. Muuza dawa naye akanipa chupa. Nikapiga bomba mara mbili, shilingi 15,000 hivi kila mara, pengine na zaidi, nimesahau kwa hasira. Waliokufa ni buibui.

Basi nikachana mrija mmoja kwa wembe. Chini kabisa, kijifunza amejikunyata. Mrija mwingine una tundu karibu na ncha, na ganda la mdudu linaning'inia hapo. Mwenyewe kesharuka zamani. Karuka kwenda wapi? Usiku nikachukua beseni la maji ya sabuni, nikaweka tofali katikati, juu yake chemli. Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini: "Mama wee, unavua dagaa bondeni?" Asubuhi nikamwita aje aone dagaa wangu: wadudu wembamba kama mbu, wengine matumbo mekundu. Hao wekundu ndio majike.

Nikamchukulia bibi shamba kwenye kopo. Usubi wa mpunga, akasema. Hutaga majanini usiku, kitoto kikianguliwa huteremka mpaka kwenye moyo wa chipukizi, na chipukizi hilo halitoi suke tena. Sasa dawa ya kunyunyiza juu ingemfikia wapi? Chemli nayo haiwamalizi, ila ilinionesha adui.

Msimu uliofuata mdogo wangu angeolewa tena nisingekwenda. Tuling'oa maotea, mabua yanayochipua na mpunga pori wa mitaroni, maana humo ndimo wanamojihifadhi. Majirani niliwasumbua mpaka tukapanda mapema na pamoja. Mpunga ukishabeba mimba, mdudu huyu hauwezi tena. Urea nikaigawa kidogokidogo. Vitunguu nilivihesabu kwa vidole, na yule jirani wa mbolea alikuja kuniomba mbegu.