Hesabu ya Ibada na Hesabu ya Kura

Machi 27, 1994, Recep Tayyip Erdoğan alichaguliwa meya wa Istanbul, Uturuki, kwa takriban asilimia 25 ya kura. Katika kila wapiga kura wanne, watatu walimpa mtu mwingine, na bado akaingia ofisini. Watatu hao walitawanyika kwa wagombea wa mrengo wa kulia na wa kushoto, kila kambi ikijiona ndiyo yenye mji. Chama chake, Refah, chenye mwelekeo wa Kiislamu, kilikuwa na robo tu, ila robo iliyotoka nyumbani kwa pamoja. Anayetaka kuelewa jinsi vyama na vikundi vya dini vinavyovuna kura za udiwani na umeya aanzie hapo, kwenye hesabu, kabla hajasikiliza hotuba hata moja.

Chukua kata yenye majina 6,000 kwenye daftari la wapiga kura. Uchaguzi ukiwa wa mitaa peke yake, bila urais wa kuwavuta watu, si ajabu wakajitokeza asilimia 30. Hao ni 1,800. Wagombea wakiwa watatu na nguvu zao zinakaribiana, kura 700 zinatosha kushinda, na 700 hazifiki hata asilimia 12 ya daftari. Nchini Marekani, Christian Coalition, jumuiya ya kisiasa ya Wakristo wahafidhina iliyoanzishwa na mhubiri Pat Robertson mwaka 1989, ilikuwa ikiwafundisha wanachama wake hesabu hiihii: kwenye chaguzi ndogo, asilimia 6 au 7 ya watu wenye haki ya kupiga kura wanaweza kuamua nani ashinde. Ndiyo maana iliweka nguvu kwenye chaguzi za bodi za shule na mabaraza ya miji, sehemu ambazo magazeti hayatumi hata mwandishi.

Jumuiya ya waumini inaingia kwenye mchezo huu ikiwa na kitu ambacho chama cha siasa hukijenga kwa miaka: watu wanaokutana kila wiki, wanaojuana kwa majina, waliozoea kuchangia, na waliokwisha kugawanywa katika makundi madogo. Kuna kwaya, kuna darasa, kuna umoja wa akina mama, kuna kamati ya mazishi. Kila kundi lina kiongozi mwenye namba za simu za wenzake. Hiyo ni mashine ya kampeni iliyokamilika, imekosa mgombea tu.

Lakini hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Mgombea anaingia kwenye ibada, anaona watu 900, anatoka akisema "hawa wangu". Tuhesabu. Watoto walio chini ya umri wa kupiga kura ni 250, wanabaki 650. Wanaosafiri kutoka kata nyingine kwa sababu wanampenda mhubiri ni 300, wanabaki 350. Ambao hawajajiandikisha, au waliandikishwa walikoishi zamani na hawakuhamisha taarifa zao, ni 90, wanabaki 260. Wakijitokeza nusu, una kura 130. Kutoka 900 hadi 130, na bado hatujagusa wale wanaompenda mpinzani. Nyumba ya ibada iliyo ndogo, ambayo waumini wake wote wanatoka mitaa mitatu inayopakana, mara nyingi ina kura nyingi kuliko ile kubwa ya katikati ya mji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni orodha, na ifanyike wakati dirisha la kujiandikisha liko wazi. Dirisha likifungwa, wale 90 wamekwenda na hakuna hotuba itakayowarudisha. Orodha nzuri ina safu chache: jina kama lilivyo kwenye daftari, kituo cha kupigia kura, mtaa, simu, kundi analotoka, na alama ya 1 hadi 5. Moja ni wetu bila shaka, tatu hajaamua, tano ni wa upande wa pili. Makundi yakileta orodha zao, yaunganishwe na majina yanayojirudia yafutwe, maana mama mmoja anaweza kuwa kwenye kwaya, kwenye umoja wa akina mama na kwenye darasa, ukamhesabu mara tatu. Nimeona orodha za kampeni zilizovimba kwa namna hiyo hadi zikapita idadi ya wakazi.

Baada ya orodha ni milango. Watafiti wa siasa Donald Green na Alan Gerber walifanya jaribio huko New Haven, Marekani, mwaka 1998, kwa wapiga kura takriban 30,000. Waliotembelewa na kuzungumzishwa uso kwa uso walijitokeza zaidi, kwa pointi za asilimia kati ya 8 na 9 hivi. Simu zilizopigwa na kampuni ya kukodi hazikuonyesha faida, na barua zilisaidia kidogo sana. Anayegonga anapaswa kuwa mtu wa mtaa huohuo, na nyumba 20 hadi 25 zinamtosha. Ukimpa 80 atakuletea fomu 80 zilizojazwa akiwa amekaa kivulini. Dawa yake ni kupigia simu nyumba moja katika kila kumi na kuuliza kama kuna mtu alipita.

Mlangoni, swali la "utatupigia kura?" halina thamani. Mtu akijibu "Mungu akipenda", amekuaga kwa adabu. Mhamasishaji mzoefu anauliza: utakwenda saa ngapi? Utapitia kazini au utatokea nyumbani? Mtoto utamwachia nani? Mama akisema, "Nitakwenda asubuhi, ila bibi wa humu ndani hawezi kutembea," umepata kura moja na kazi moja: bibi anahitaji usafiri, liandikwe palepale. Jaribio lililofanywa Pennsylvania mwaka 2008 lilionyesha kwamba maswali ya mpango kama haya yanaongeza watu wanaojitokeza, hasa kwa anayeishi peke yake, asiye na wa kumkumbusha. Refah waliielewa siri ya mlango mapema. Kamati zao za wanawake zilikuwa zikiingia jikoni, zikikaa, zikiuliza habari za mgonjwa, na kurudi tena wiki nyingine. Mwanamume mwenye fulana ya chama asingefika hapo.

Huduma kabla ya kampeni ni sura nyingine, na ndiyo inayoleta ubishi zaidi. Nchini Algeria, chama cha Kiislamu cha FIS kilisajiliwa Septemba 1989. Oktoba mwaka huohuo tetemeko likapiga Tipaza, na wafuasi wake wakafika na mahema na chakula wakati serikali bado inajikusanya. Juni 12, 1990 kikazoa zaidi ya nusu ya kura za uchaguzi wa mitaa na kuchukua mabaraza ya mikoa 32 kati ya 48. Wapo wanaosema ni rushwa iliyovaa kanzu. Mimi naona tofauti iko kwenye wakati na sharti: msaada uliotolewa siku ya shida kwa kila aliyepatwa ni kitu kimoja, na mfuko wa unga unaoletwa wiki ya uchaguzi pamoja na ombi la kupiga picha karatasi ya kura ni kitu kingine, na sheria za uchaguzi huuita kwa jina lake.

Sheria pia inagusa mimbari. Marekani, sheria ya 1954 iliikataza asasi ya hisani isiyolipa kodi, makanisa yakiwemo, kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Christian Coalition ilipita pembeni kwa kipeperushi: jedwali lenye majina ya wagombea na misimamo yao, lililogawiwa kwenye maegesho ya magari makanisani Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi. Hakuna neno "mchague". Ujanja uko kwenye maswali yaliyochaguliwa, kwa sababu anayechagua maswali ndiye anayeamua nani aonekane mwema. Kugawa Jumapili ya mwisho nako kulikuwa na maana: mpinzani hapati Jumapili nyingine ya kujibu.

Hata pale sheria inaporuhusu, kiongozi wa dini anayetaja jina mimbarini hulipa gharama. Waumini wa chama kingine hawasimami kubisha. Wanapunguza sadaka, wanahamia kwingine, au wanakwenda kumpigia mpinzani kwa hasira. Wanaoijua kazi humwachia kiongozi ahimize watu wajitokeze, basi. Jina la mgombea linatajwa nje, baada ya ibada, na mtu wa kawaida anayemjua mwenzake.

Siku ya kura yenyewe ina kazi moja. Pale sheria inapomruhusu wakala kuweka alama kwa kila aliyepiga, alama hizo zinatumwa kila baada ya saa mbili kwa mtu aliyekaa na orodha. Anawafuta waliokwisha kupiga. Saa sita mchana anabaki na wenye alama ya 1 na 2 ambao hawajaonekana, anawagawia wahamasishaji kwa mtaa. Saa tisa alasiri duru ya mwisho. Wenye alama ya 4 na 5 wasiguswe, maana kuwakumbusha ni kumfanyia mpinzani kazi. Kosa linalojirudia ni kumweka mhamasishaji bora kituoni awe wakala, akakaa kwenye benchi kutwa nzima wakati milango anayoijua haina wa kuigonga. Wakala anahitaji macho na utulivu, na asiondoke bila nakala ya fomu ya matokeo yenye saini.

Kisha kuna ushindi, unaowashinda wengi. Huko Vista, California, kundi la wahafidhina wa kidini lilipata wingi kwenye bodi ya shule mwaka 1992. Wazazi waliokuwa wamelala uchaguzi ule waliamka, wakakusanya saini, na mwaka 1994 wajumbe wakaondolewa kwa kura. Orodha iliyotosha watu wakiwa wachache haikutosha walipokuja wengi. FIS nao, baada ya mwaka mmoja na nusu wa kusimamia maji, taka na masoko, waliingia uchaguzi wa bunge wa Desemba 1991 na kupata kura pungufu kwa milioni moja hivi kuliko zile za mitaa. Bado waliongoza duru ya kwanza, na Januari 1992 jeshi likaufuta uchaguzi kabla ya duru ya pili.