Kumbukumbu ya mradi: tanga la Kyrenia limekunjika hatimaye

Jumamosi alasiri, baada ya majuma tisa ya kushindwa, tanga la mfano wangu lilikunjika lote kutoka sitahani na kufunguka tena bila kamba hata moja kukwama. Naandika sasa kabla sijasahau kosa lilikuwa wapi.

Mfano ni wa merikebu ya mizigo ya Wagiriki iliyozama karibu na Kyrenia, Kupro, yapata miaka 2,300 iliyopita. Nimeujenga kwa kipimo cha moja kwa kumi, kwa hiyo una urefu wa takriban mita 1.4. Kiwiliwili hakikunisumbua sana: mbao zilitangulia, zikaunganishwa kwa ndimi na vigingi, na mataruma, yaani mbavu za chombo, yakafuata, utaratibu ambao mtu aliyesoma habari za mtepe wetu ataufahamu mara moja, ingawa mtepe ulishonwa kwa kamba.

Shida ilikuwa kamba za kukunjia. Hufungwa kwenye ncha ya chini ya tanga, hupanda upande wa mbele kupitia safu za pete, huvuka foromali, yaani mti wa mlalo unaobeba tanga, kisha huteremka hadi tezini, nyuma ya chombo. Katika mabaki ya Kyrenia zilipatikana pete za madini ya risasi zaidi ya 100, na vyombo vya kulia vilivyokutwa humo vinaashiria mabaharia wanne tu. Watu wanne hawawezi kulitawala tanga pana namna ile kama kila upepo ukizidi itabidi wapande foromali. Kwa hiyo nilijua kwamba pete zisipofanya kazi, mradi wangu wote hauna maana.

Kwanza nililaumu kamba. Uzi wa pamba ulivimba ukilowa, nikaubadilisha kwa kitani kilichopakwa nta, lakini ukakwama vilevile. Nikaweka mota yenye nguvu zaidi, nayo ikakata kamba mbili na kuchana tanga. Nilikasirika kiasi cha kuliacha juma zima, kwa sababu kuongeza nguvu mahali penye msuguano ni kuficha kosa, nami nilikuwa nimelijua hilo kabla sijaanza.

Kosa lilikuwa katika pete zenyewe. Nilikuwa nimezishona kwa nukta moja, zikawa zinalala juu ya kitambaa na kuibana kamba. Pete za kale zina matundu mawili madogo yaliyopangwa kando kwa kando kwenye ukingo mmoja. Nilikuwa nimeyaona katika michoro mara nyingi na kuyachukulia kuwa njia tu ya kuimarisha mshono. Kumbe ndiyo yanayoizuia pete isigeuke, ikabaki imesimama mbele ya tanga kama rafu. Nikayeyusha chubwi za risasi za wavuvi, nje penye hewa ya kutosha, nikafua pete mpya 84 na kuzitoboa kwa keke ndogo ya mkono. Katika risasi laini naipenda keke kuliko mashine ya umeme, kwa kuwa mkono husikia ncha inapokaribia kutokea upande wa pili, wakati mashine huwa imekwisha kuupasua ukingo.

Horini upepo ulikuwa wa ubavuni. Nilipokunja zaidi upande wa tezi, tanga likabaki la pembetatu, na omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ambayo hapo awali ilikuwa ikikimbilia upepo hata makasia mawili ya usukani yakashindwa, ikatulia. Nilirudia mara sita, na mara zote sita ilitulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho yangu jinsi nakala kamili, Kyrenia II, ilivyoweza kutoka Piraeus, Ugiriki, hadi Pafo, Kupro, mwaka 1986 kwa tanga la mraba.

Juma hili nilipanga kuufunika mfano kwa mabamba membamba ya risasi, kama merikebu ya asili ilivyofunikwa uzeeni. Mabamba yatasubiri. Nataka kwanza kupima chombo kinaweza kupiga bisha, yaani kwenda kuukabili upepo, kwa pembe gani tanga likiwa limekunjwa hivyo, nami nimekwisha kuchora alama za nyuzi za pembe kwenye ubao wa sitaha na kufunga kibendera cha upepo mlingotini.