Komeo la banda la mbuzi

"Mama, mbona komeo hili limechongwa ncha?"

Nilikuwa nimeinama nawatilia mbuzi maji, Desemba iliyopita, nyumbani Nyeri. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa banda akilivuta komeo na kulirudisha, akilivuta na kulirudisha. Nikamwambia ni la zamani. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi nikabaki na ndoo mkononi.

Komeo lile ni la guka, babu yangu.

Mwaka 1988 nilikuwa darasa la tano. Jumapili moja, cucu, mkewe, akiwa kanisani, guka aliniita ghalani. Akapanda juu ya debe, akachomoa kati ya boriti na mabati kitu kilichoviringishwa kwa gunia, akakaa chini na kukifungua magotini. Kulikuwa na kipande cha bomba la maji, urefu wake kama mkono wangu. Kulikuwa na kitako cha mti wa mutamaiyu, cheusi kwa moshi na jasho. Na komeo la mlango, la kawaida kabisa la dukani, ncha yake imesuguliwa kwa tupa hadi ikawa kama mdomo wa ndege. Mpira uliokuwa umeshikilia vyote ulikuwa umeoza, ukapukutika vidoleni mwake.

Akanituma nikafungue blada kwenye keria ya baiskeli ya baba mdogo. Akaikata vipande viwili vya upana mmoja na kuvifunga kila upande wa bomba, akikaza kwa mkono mmoja na kuvuta kwa meno. Ghala zima lilinuka mpira. Kisha akalivuta komeo nyuma polepole, kishikio chake kikaingia katika pengo lililokatwa ubavuni mwa mti, kikatulia.

"Hapa mbele ndipo risasi inapokaa," aliniambia. Hakukuwa na risasi. Akaweka kidole gumba, akakisukuma kishikio kitoke pengoni.

Ta!

Ulikuwa mlio mdogo tu. Lakini guka hakuitazama ile bunduki wala hakunitazama mimi. Aligeuka kuutazama mlango. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita tangu atoke msituni, katika vita vya Mau Mau dhidi ya Waingereza, na bado aliutazama mlango, akasikiliza kwanza, ndipo akapumua.

Nikamuuliza alipiga Wazungu wangapi kwayo.

"Hii haikuwahi kulia," alisema. Kikosi chao kizima kilikuwa na risasi tatu, na bomba la maji halikutengenezwa kubeba moto. Mwenzake mmoja, lake lilimpasukia usoni. Kazi ya bunduki ile ilikuwa kumtisha usiku mtu mwenye bunduki ya kiwandani. Gizani mtu huona tundu la mtutu, haoni blada wala komeo. Akiweka yake chini, mmepata bunduki. "Na aliyeibeba hii," guka akaongeza, "alitembea mbele. Wenye panga walimfuata."

Nimesoma mengi tangu siku hiyo, ndipo nikaelewa alikuwa amebeba nini. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, kukutwa na bunduki, au hata risasi moja, kulitosha kumpeleka mtu kitanzini. Waingereza waliwanyonga watu 1,090 katika vita vile, na si wachache kati yao kosa lao lilikuwa silaha tu. Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kumiliki bastola. Na zile risasi tatu za kikosi cha guka zilivuka vizuizi ndani ya kiondo, chini ya maharagwe. Aliyezibeba ndiye aliyekuwa kanisani Jumapili ile akiimba.

Guka alinisihi nisimwambie mtu. Jumatano mwalimu akasema darasani kwamba Mau Mau walipigana kwa panga na mikuki peke yake, nami nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimejaa fahari. Nilieleza bomba, nikaeleza komeo, nikaeleza hata mlio. Mwalimu aliniangalia kwa muda, akasema kwa sauti ya chini, "Kaa chini." Sikujua kwamba, katika nchi iliyopata uhuru mwaka 1963, Mau Mau bado ilikuwa imepigwa marufuku kisheria. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003.

Jumamosi naibu wa chifu alipitia kwetu. Alikunywa chai, akauliza habari za mahindi, akaliangalia paa la ghala, akaaga.

Usiku nilisikia nyundo. Asubuhi kitako cha mutamaiyu kilikuwa kinawaka chini ya sufuria ya githeri. Bomba lilikuwa limefungwa kwenye pipa la maji ya mvua. Blada ilikuwa imerudi kwenye keria, vipande viwili vimeungwa kwa fundo. Komeo lilikuwa limepigiliwa mlango wa banda. Guka hakunikemea, siku ile wala siku nyingine. Ila hakuniita tena ghalani, na mwaka 1999 tukamzika.

Sanamu ya Kimathi ilipozinduliwa Nairobi mwaka 2007, nilienda kuiona. Ameshika bunduki, mchana kweupe, katikati ya jiji. Nilisimama pale nikilia, na watu wakanipisha, labda wakidhani ni furaha.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli. Lakini yeye aliificha Waingereza wakapita, wakaondoka, ikabaki. Kwangu mimi ilikaa siku tatu.

Jioni ile ya Desemba tuliwafungia mbuzi pamoja, mimi na binti yangu. Yeye ndiye aliyelisukuma komeo, kwa nguvu zake zote.

Ta!

"Mama," akaniuliza, "unatazama nini huko nyuma?"