Kumfuatilia Kasa kwa Setilaiti: Anza na Gamba

Msubiri kasa jike amalize kutaga na kufukia mayai. Ukimshika kabla ya hapo anaweza kuacha kiota na kurudi baharini. Kifaa kinachotuma mawimbi kwa setilaiti hukaa sehemu ya juu ya gamba kwa mbele, inayochomoza anapokuja kuvuta pumzi. Kwangua mwani na makombe, piga msasa, futa kwa asetoni, kisha pakauke kabisa. Unyevu kidogo tu unatosha kuibandua gundi mapema.

Epoksi, yaani gundi yenyewe, ipakwe kwa tabaka nyembamba. Ikirundikwa hutoa joto inapoganda, na joto hilo humuumiza mnyama. Tafadhali, hapa usiharakishe.

Usizibe sensa ya maji ya chumvi. Mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari, kwa hiyo sensa huzuia kifaa kutuma mawimbi kasa anapozama, betri isiishe bure. Ikiota mwani, kifaa hudhani bado kimo majini na hunyamaza hata kama betri ni nzima. Rangi ya kuzuia viumbe kuota ni ya lazima.

Nukta za ramani nazo si za kuaminiwa zote. Argos, mfumo wa setilaiti unaopokea mawimbi hayo, hukadiria mahali kwa mabadiliko ya masafa ya mawimbi na kuipa kila nukta daraja la ubora: daraja la 3 hukosea chini ya mita 250, la 0 zaidi ya mita 1,500, ilhali A na B hazina makadirio ya kosa. Nukta iliyo kilomita 20 ndani ya nchi kavu, ifute.

Kasa noa hana gamba gumu. Njia hii haimfai.