Taa isiyowaka: Corolla yangu na kontroli boksi

Ukifungua swichi kabla hujapiga stata, ile taa ya njano yenye picha ya injini lazima iwake, halafu izime injini ikishanguruma. Watu wanaiogopa ikiwaka njiani. Mimi naiogopa isipowaka kabisa. Hapo ama globu imeungua, ama aliyekuuzia gari kaichomoa ili usione madeni yake, ama kontroli boksi lenyewe, ile kompyuta inayoendesha injini, limezimia na taa haina wa kuiwasha. Langu lilikuwa hilo la tatu.

Gari ni Corolla wagoni, AE100 ya mwaka 1993, injini 5A-FE, otomatiki. Napikia shughuli hapa Tanga: arusi, hitima, maulidi. Viti vya nyuma vimelala miaka, mahali pake panakaa masufuria, majiko ya gesi na ndoo za kachumbari. Kwa kazi hiyo sijaona gari la kulishinda, na nishaambiwa niuze ninunue IST, nikauliza sufuria la kilo 30 za mchele litakaa kwenye IST sehemu gani. Hawajanijibu.

Likaanza vituko. Asubuhi linawaka mara moja, natoka Ngamiani hadi Sahare bila neno. Nikishusha vyombo nikaliacha juani mpaka baada ya adhuhuri, narudi, stata inazunguka vizuri lakini injini haishiki. Nikilisubiri mpaka alasiri upepo wa bahari ukipita, linashika kama si lenyewe. Mwenzenu nimewahi kusafirisha pilau la watu kwa bajaji mbili, mimi nimekaa ya mbele nimekumbatia bakuli la pilipili.

Mafundi walipita. Wa kwanza akasema pampu ya mafuta, ikabadilishwa. Mwingine akasema distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi. Mwingine ignaita, inayoiamsha koili itoe moto huo. Kila kilichobadilishwa kilionekana ndiyo dawa, kwa sababu fundi alikuwa akimaliza kazi jioni, gari limeshapoa, linawaka, tunashukuru, nalipa. Kesho yake jua likipanda tunarudi palepale. Na siwezi kusema walikuwa waongo. Kwenye gari hili boksi ndilo linaloamuru pampu iendelee kuzunguka, nozeli zimwage mafuta na plagi zitoe moto. Likizimia, vyote vitatu vinalala kwa pamoja. Kwa hiyo fundi wa pampu anakuta pampu haizunguki, na ni kweli haizunguki. Fundi wa moto anakuta plagi kavu hazitoi cheche, na ni kweli. Kila mtu anakuta maiti ya fani yake.

Aliyenitoa ni kijana mmoja fundi rewaya wa Makorora. Yeye alikataa kuligusa gari asubuhi. "Bi mkubwa, liache hapo juani, nenda sokoni, rudi saa saba." Nikarudi. Akafungua swichi, akaniuliza, "Taa ya injini unaiona?" Nikaangalia. Taa ya oili ipo, ya betri ipo, ya injini hakuna. "Asubuhi ilikuwepo," nikamwambia. "Basi globu ni nzima," akasema, akaenda kuchukua mita.

Chini ya boneti, kwenye lile kopo dogo la kupimia la Toyota, akaunganisha tundu la FP, la pampu, na +B, la umeme, kwa kipande cha waya. Pampu ikavuma nyuma kule. Kwa hiyo pampu nzima, ila haipewi amri. Kisha akatoa plastiki za chini ya dashibodi, akalifikia boksi likiwa bado limechomekwa, akaanza kupima kwa nyuma ya soketi. Umeme wa moja kwa moja wa betri upo, volti 12. Umeme unaopitia relei ya EFI, yaani ya mfumo wa kumwaga mafuta, ukiwasha swichi, upo. Ethi zote, yaani nyaya za hasi, zinafika kwenye bodi ya gari. Yaani chakula kinaingia. Akahamia kwenye waya wa VC, ambao boksi linatakiwa kutoa volti 5 kulisha sensa ya presha ya hewa na ile ya throto, mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Mita ikasoma karibu na sifuri.

Mimi nikadhani tumeshamaliza. Yeye akasema bado, kwa sababu sensa iliyopiga shoti inaweza kuzivuta hizo volti 5 zikaanguka, ukalaumu boksi bure. Akachomoa sensa ya presha, akapima. Akachomoa ya throto, akapima. Hakuna kilichorudi. Umeme unaingia, ethi ipo, hakuna mzigo unaovuta, na bado hakitoki kitu. Hapo ndipo aliposema neno kontroli boksi kwa mara ya kwanza. Nilimpenda kwa hilo, maana wapo wanaolisema kabla hawajafungua boneti.

Alipolitoa na kufungua bati lake, harufu ilitoka kama dagaa waliolowa na kusahauliwa. Sitanii. Ndani mna kapasita, vikopo vidogo vyenye majimaji ya dawa, na vikizeeka kwa joto vinavuja kutokea miguuni. Maji yale yanatambaa juu ya bodi na kula njia za shaba. Njia mbili zilikuwa zimeota ukijani, na moja ilikuwa imekatika kabisa isipokuwa kiuzi. Gari la miaka 30 na ushei linaloshinda juani katika mji wa pwani, utalilaumuje? Likiwa baridi, kiuzi kinashika. Likipata moto, kinaachia.

Tukaingia kutafuta boksi la mtumba, na hapa ndipo pana vurugu kuliko pote. Kwenye bati kuna namba inayoanza na 89661, halafu kistari, halafu alama nyingine tano. Hizo tano za mwisho ndizo zenye maneno. Muuzaji mmoja wa Dar alinitumia picha, soketi zinafanana na zangu kabisa, namba ya mwisho tofauti. "Itaingia tu mama, plagi ni ileile." Kijana akacheka, akasema hilo limetoka kwenye gari la manyuo, la gia za mkono. Litaingia, injini hata inaweza kuwaka, lakini boksi la otomatiki lina hesabu zake za gia, na hilo haliijui gia yangu. Tukaliacha. Mwingine wa Ilala akawa nalo lenye namba yote sawasawa, akalifunga kwenye kiboksi cha viatu, likapanda basi, nikalipokea stendi ya Kange.

Kabla halijaonja gari, kijana akalifungua. Nikamuuliza kwa nini tusilijaribu kwanza. Akanijibu kwamba hili nalo ni la miaka ileile, kapasita ni zilezile za kiwandani, na zilishafika umri uleule, ila tu hazijamwaga. Na kweli, moja ilikuwa imeanza kulowa mguuni. Akazing'oa zote, akasafisha bodi kwa spiriti na mswaki, akapachika mpya za nyuzi joto 105, uwezo uleule na volti zisizopungua za zamani, akiangalia upande wa hasi kama anayetia uzi sindanoni. Kapasita zenyewe bei yake ni ya vitumbua. Ukinunua boksi la zamani ukalipachika hivyohivyo, umenunua muda tu.

Kulifunga hakukuwa na maajabu. Alitoa hasi ya betri kwanza, akashika chuma cha gari kabla ya kulishika boksi, akachomeka soketi polepole maana plastiki za miaka hiyo zinavunjika kama kaukau. Betri ikarudi. Swichi. Taa ya injini ikawaka, ya njano, nzuri. Stata, injini ikashika, taa ikazima. Ikawa inavuma juu kidogo, ikashuka yenyewe.

Mimi tayari nimeshafungua pochi. Yeye akarudi kwenye kopo la kupimia, safari hii akaunganisha tundu za TE1 na E1, za kulisomesha boksi makosa, akafungua swichi, akaniambia nihesabu taa inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kosa. Yangu ilipepesa mara mbili, ikapumzika, mara mbili tena. Ni 22, sensa ya joto la maji. Mmoja wa waliopita alivunja ulimi wa soketi yake na kuiacha inaning'inia, inagusa na kuachia, ndiyo maana taa ilizima huku kosa likibaki kwenye kumbukumbu ya boksi. Akaibana, akafuta kumbukumbu kwa kutoa fyuzi ya EFI, tukapima tena, ikapepesa mfululizo.

Wenye magari mapya zaidi, yale yenye ufunguo wa chipu, haya hayawahusu moja kwa moja. Kwenu boksi na ufunguo vinajuana, ukibadilisha kimoja bila kukitambulisha kwa kingine gari haliwaki. Na kwa wote: mkimpelekea fundi wa kuchomelea ekzosi, mwambieni atoe betri kwanza. Umeme wa mashine ile unaweza kuliua boksi zima ambalo halikuwa na ugonjwa.

Kwa mahesabu, boksi, nauli ya basi, kapasita na ufundi havikufika bei ya ile distribyuta peke yake. Distribyuta ya zamani ninayo kabatini, nzima kabisa, pamoja na pampu na ignaita. Anayezihitaji kwa 5A-FE aje Ngamiani tuelewane. Boksi la zamani siliuzi. Lipo Makorora, kijana anaunga ile njia iliyokatika kwa waya mwembamba. Kaniambia likipona atalijaribu kwenye gari langu saa saba mchana, si kabla.